Bushi ya Mti wa Msolo

Gari la Kornel lilianza kunuka unga wa mtama, unga mbichi uliolowekwa. Aliyeisikia harufu kwanza ni mkewe, Moza, kwa sababu Kornel aliibeba pua yake juu mno, na harufu zikapita chini.

Ilikuwa miaka ile Wazungu wa mradi wa karanga walipofungasha na kuondoka Nachingwea. Kornel alikuwa mwosha magari wao. Alisimama karibu na gereji yao, na kule kusimama karibu kukamtosha kujiita fundi. Walipoondoka akajipatia pikapu yao moja kuukuu, mbele imelala upande, akaileta kijijini kwake njia ya Ruponda huku akipiga honi hata kwa kuku.

Moza alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza ilimharibikia njiani, juu ya kitanda cha kamba mabegani mwa watu, hospitali ikiwa bado mbali. Hii ya pili Kornel aliapa kuifikisha kwa gari. Kwa hiyo gari hilo Moza alilitazama kama mtu anavyotazama kivuko.

Ugonjwa wa gari ulikuwa springi ya mbele kushoto. Bushi, kile kibomba kinachokaa ndani ya jicho la springi ili pini isitafune chuma, ilikuwa imekwisha. Ekseli ikarudi nyuma upande mmoja na gari likavuta kushoto. Mwenye akili angetafuta fundi Lindi. Kornel alisema mafundi wa Lindi ni waharibifu. Jeki hana, akainua gari kwa gogo na mawe, akajiingiza chini, akatoka ameshika bushi iliyolika kama mtu aliyeng'oa jino la simba.

"Nitachonga ya mti."

"Mti gani?" Moza aliuliza.

"Mgumu. Wewe kapike."

Kwenye uwanja wa karanga, kando ya barabara ya Nachingwea, kulikuwa na mti mkubwa wa msolo ulioangushwa na matingatinga ya karanga. Chini ya msolo huo Wamwera waliweka unga na kuwaomba wazee wao tangu zamani, na hata ulipolala hakuna aliyeokota kuni pale. Anayetaka kitu, hata uyoga, alipiga magoti, akaweka unga, akaomba. Kornel alikwenda na panga akakata mzizi. Kuomba kulimshinda tangu utoto; hata chumvi kwa jirani aliagiza, haombi.

Akachonga, akachemsha bushi yake katika mafuta ya nyonyo, akaigongea ndani, akakaza nati. Gari likasimama sawa. Akalizunguka akijisifu peke yake, maana hakuna mwingine aliyejitokeza kumsifu.

Ndipo harufu ikaja. Kisha, adhuhuri moja, gari limezimwa, kikasikika kikohozi chini ya springi, kikohozi cha mzee anayetaka kusema.

"Chuma kinapoa," alisema Kornel.

Na kuvuta hakukuisha. Wakienda Nachingwea gari lilivuta kushoto. Wakirudi, lilivuta kulia. Springi mbovu haina tabia ya kubadili mawazo. Moza akatambua kwamba kushoto kwa kwenda na kulia kwa kurudi ni upande mmoja: upande wa msolo.

Akaenda kwa mganga wa Ruponda, Bibi Mwamina. Bibi alinusa pindo la khanga ya Moza, akaishusha sauti.

"Mjukuu wangu, mumeo kaazima kitu?"

"Hajui kuazima, bibi."

"Basi kaiba. Jini la msolo limekatwa mguu, linautafuta. Aung'oe, aurudishe, apige magoti aombe. Na wewe usilipande gari hilo mpaka iwe hivyo."

Kornel alisikiliza huku akichokonoa meno. Kesho yake akasema amerudisha. Alichopeleka ni kipande cha mpini wa jembe, akakitupa pale bila unga wala magoti. Jini, alijiambia, litajuaje bushi?

Uchungu ulimshika Moza mchana, jua la utosi. Akapanda gari, maana aliambiwa deni limekwisha, na harufu ya unga ilipompiga usoni alikuwa hana nguvu ya kushuka. Walipokaribia ule uwanja wa karanga usukani ukamponyoka Kornel, gari likaacha barabara, likapita katikati ya visiki bila kugusa hata kimoja, taratibu, kama ng'ombe anayelijua zizi lake, likafika kwenye msolo na kuzimika lenyewe.

"Springi tu hiyo," Kornel alinong'ona. "Naangalia chini."

Moza, amelala kwenye kiti, alisikia mlango, alisikia nyayo, kisha kimya, kisha chuma kikilia kwa chuma, nati ikifunguka polepole, na sauti kutoka chini ikasema, "Pole, mke wangu," nayo ingetosha kumshtua, kwa kuwa tangu aolewe neno pole hakuwahi kulisikia kinywani mwa yule bwana, lakini uchungu ulikuwa umeziba kila kitu, akashukuru tu, na sauti ikaendelea kumbembeleza, vuta pumzi, usiogope, nipo, mpaka mtoto alipokuja na mikono miwili ikapanda kutoka chini ya gari kumpokea, mikono mipole, mirefu, iliyojaa unga hadi kwenye viwiko, na viwiko vikiwa vimekunjika upande usiokunjwa na mtu.

Kornel wakati huo yuko Ruponda, kiatu kimoja mguuni, anawaambia watu kwamba simba kamchukua mkewe na yeye amepigana naye. Hana hata mkwaruzo.

Walirudi naye, Bibi Mwamina mbele. Wakamkuta Moza ameketi kivulini ananyonyesha, mtoto amefungwa kaniki safi ambayo si yake. Springi ilikuwa haina bushi. Mzizi wa msolo ulikuwa mzima, hauna jeraha.

Kornel akatanua kifua. "Mwanangu huyo! Nileteeni mwanangu."

Moza alimtazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyeingia ndani.

"Punguza sauti," alisema. "Baba yake ndiyo kwanza kalala."

Na chini ya gari, kweli, mtu alikuwa anakoroma.