Miche Arobaini ya Shinyalu

Saa kumi na mbili na dakika ishirini, Alhamisi asubuhi, Pascalia alifungua lango la bustani ya kikundi nyuma ya soko la Shinyalu akapiga nduru. Miche arobaini ya miti ya lusiola waliyoipanda wiki iliyotangulia haikuwepo. Mashimo yalikuwa yamefukiwa na udongo kusawazishwa.

Mgeni wa shirika la ruzuku alitarajiwa saa tatu kuja kuikagua.

Katibu wa kikundi, Mideva, alifika mbio, kitambaa kichwani kimekaa upande. Hii ilikuwa mara ya nne kwao kuomba ruzuku ndogo ya bomba la maji na ua. Mara tatu walikuwa wamekataliwa, na Mzee Were, mwenye kiwanja, alishasema kwamba wakikosa tena atawarudishia watu wa soko kiwanja hicho watupe taka zao kama zamani.

"Msikanyage!" Mideva aliamuru. Hakuwa askari, lakini miaka thelathini ya ukarani mahakamani ilimfundisha kutazama kwanza, kulia baadaye.

Sukuma wiki zote zilikuwa salama. Mche mmoja tu wa lusiola ulikuwa umesimama, kando ya lango: wa arobaini na moja, ule Mzee Were aliopewa apande kwa heshima siku ya kwanza. Wanawake walikuja mmoja mmoja wakilia. Milcah, mama yake Tyson, alikuja na jerikeni la maji, ingawa mvua ilikuwa imenyesha jana jioni nzima. Mideva aliliona lile jerikeni, ila hakulitilia maanani.

"Ni jirani Wangila na mbuzi wake," Pascalia alisema.

"Mbuzi gani anaacha sukuma? Halafu anafukia shimo? Na Wangila yuko Kabras tangu Jumatatu, anakata miwa."

Saa moja na robo Mideva alikuwa mlangoni kwa Mzee Were.

"Mulembe, mzee."

"Mulembe, Karani."

"Miche yetu imeng'olewa. Wako peke yake ndio umebaki."

"Na ndio unakuja kwangu?" Mzee aliweka kikombe chini. "Ningetaka kiwanja yangu, si ningewaambia mtoke? Barua niliweka sahihi mbele yako."

"Aliyeng'oa ameuheshimu mti wako."

"Ama hakuwa na shida nao. Karani, wewe ni mtu wa hapa. Mama anachimbanga shimo, mwanamume anaingiza mti. Mliniita huo wa kwanza, hiyo mingine mkasema mtapanda wenyewe. Mimi nikanyamaza. Nilisema labda dunia imebadilika."

Swali la saba kwenye fomu ya ruzuku liliuliza kama wanawake wenyewe ndio watakaopanda miti, na lilitaka picha. Mideva ndiye aliyejibu "Ndiyo", upesi, kwa hofu ya kukataliwa mara ya nne. Yeye ndiye aliyepiga picha zote. Alijua wazee wanavyosema, kwamba mwanamke mwenye mume akiingiza mti ardhini, anamchimbia mumewe kaburi. Alikuwa amecheka, na wenzake wakacheka naye.

Sasa alijiuliza swali moja tu: ni mume wa nani anaumwa? Jumapili, Onesmus, mume wa Milcah, alianguka akitoka kanisani. Upande mmoja ulipooza, na ulimi pia. Mideva akalikumbuka lile jerikeni.

Alirudi bustanini, akazunguka nyuma ya stoo. Chini ya upenu, mahali mvua haifiki, palikuwa na magunia yanayochuruzika maji. Aliyafunua. Miche yote arobaini ilikuwa hapo, mizizi na udongo wake, hakuna hata mmoja uliovunjika. Aliyeng'oa aliipenda.

Saa mbili na dakika kumi aliwakusanya.

"Mama Tyson, mvua imenyesha jana. Maji ya jerikeni yalikuwa ya nini?"

Milcah alitazama chini. "Ya mizizi. Sikutaka zikufe."

Wanawake waliguna.

"Wewe ulipanda chache tu. Mbona zote?"

"Tulikuwa kwa mstari, Karani, tunapokezana. Huyu anashika, huyu anaingiza. Sijui yangu ni gani. Ningeng'oa gani niache gani?"

"Daktari alisema ni presha."

"Najua ni presha! Nilienda naye hospitali mimi." Sauti yake ilikatika. "Nimeng'oa alfajiri, nikarudi nyumbani haraka nimwangalie. Bado yuko vile vile. Ananiangalia tu."

Hasira yote aliyokuja nayo Mideva ilimwishia. Kesi ilikuwa imekwisha na haikuwa na faida kwa mtu yeyote. Pascalia alikimbilia sokoni kutafuta wanaume wa kuirudisha miche ardhini. Alirudi peke yake, akasema wote wamekataa kugusa miti iliyoshikwa na mke wa mgonjwa. Na Mzee Were, kwa magoti yake mabovu, hangeweza kuinama mara arobaini.

"Basi tuipande sisi," Mideva alisema. "Tuko kumi na wawili. Nusu saa inatosha."

Hakuna aliyesogea.

"Jamani, ni bomba la maji! Mnataka taka zirudi hapa?"

"Wewe hukupanda, Karani," Pascalia alisema polepole. "Wewe ulikuwa unapiga picha."

Ilikuwa kweli, na ilimuuma kuliko kofi. Mideva alichukua jembe, akachimba shimo, akapiga magoti, akashika mche. Hakuamini maneno yale. Alikuwa amesema hivyo hata mbele ya mchungaji. Lakini nyumbani alikuwa amemwacha Wanyama, mumewe, akinywa uji na kunung'unika kwamba hauna sukari, na sasa alimwona akilini waziwazi, na kijiko chake, na shati lake la kijani. Aliuambia mkono ushuke. Mkono ulikataa. Alijichukia kabisa.

Saa tatu kasoro dakika tano gari lilisimama langoni. Kijana wa shirika, Griffin, aliteremka na fomu kwapani, akitabasamu.

"Habari za asubuhi, akina mama?"

"Mzuri," waliitika wote pamoja, na Mideva akaitika nao, magoti yakiwa bado kwenye matope na mche mkononi.