Kware wa Shaba wa Mama Orie

Haya alinisimulia rafiki yangu Tokuji, mtu asiyeamini hata ndoto zake. Kwa miaka kumi na mmoja alitafuta chetezo cha shaba chenye umbo la kware, kazi ya fundi mmoja wa zamani wa mji wa Takaoka. Alikipata kwa mjane aitwaye Orie, ndani ya ghala la udongo lisilo na dirisha, siku theluji imefika magotini.

"Mpapase utakavyo," Mama Orie alimwambia, akifungua sanduku la mbao ambamo kware alilazwa juu ya pamba. "Ila usimgeuze."

"Mama, sahihi ya fundi iko tumboni. Nisipoiona, nitajuaje kama si wa kuiga?"

"Marehemu mume wangu alikuwa mbishi hivyo hivyo," alisema mjane, akaenda kuchemsha chai.

Mlango mzito ukajifunga nyuma yake. Likabaki giza totoro. Tokuji akasikia kitu kikiparua, kra, kra, kisha kimya. Panya hao, akajiambia. Akamtoa kware, mzito, baridi ya kuuma vidole, akamgeuza, akaipapasa sahihi kwa kidole gumba. Ilikuwa yenyewe.

Mlango ukafunguka kidogo. "Hujamgeuza, eti?"

"Hata, Mama."

Kware akiwa bado baridi kama barafu katika mkono wa kushoto, akaingiza wa kulia sandukuni aiweke sawa pamba. Pamba ilikuwa imebonyea duara, na pale katikati palikuwa na joto, kama kiota ambacho ndege ameinuka sasa hivi.