Mvua ya Baba Kwenye Kaseti

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Vidole aliketi mbele ya televisheni na kuanza kuchapa kwenye kompyuta ya baba yake. Ilikuwa kompyuta ya zamani, ya aina iliyotumika majumbani kabla yeye hajazaliwa: kibodi nene ya kijivu, iliyounganishwa na televisheni kwa waya mmoja na redio kaseti kwa waya mwingine. Jina la Vidole alipewa na baba kwa sababu alichapa haraka kuliko mtu yeyote nyumbani. Jina lake la shule lilibaki huko huko shuleni.

Baba alikuwa fundi redio, lakini kazi ilikuwa imemshinda. Presha ya macho ilikuwa inamharibia macho yote mawili, na daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba dawa zingechelewesha tu mambo. Alikuwa akiona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe lilizidi kuwa jembamba. Kabla halijaziba, alitaka kuona kitu kimoja tu, mvua yake.

Mvua hiyo ilikuwa programu ya picha aliyoitunga mwenyewe, kwa kupenda tu, hakuna aliyemtuma. Kwenye skrini palikuwa na mtaa wa mapaa ya bati na mtoto mwenye mwavuli. Ukibonyeza kitufe kimoja, upepo unavuma na matone yanalala upande. Ukibonyeza kingine, mtoto anakimbia, na akikanyaga dimbwi maji yanaruka. Kompyuta ile ilikuwa na nafasi finyu mno, kwa hiyo kila tone lilipatikana kwa jasho. Baba alitamka mstari mmoja mmoja, Vidole akachapa.

Tatizo ni kwamba ukiizima kompyuta ile, kila kitu kinafutika. Ndiyo maana kazi ya kila jioni ilirekodiwa kwenye kaseti, na baba aliweka masharti. Kaseti zilikuwa mbili, nyekundu na ya bluu, zitumike kwa zamu, ili moja ikiharibika nyingine ibaki na kazi ya jana. Tena, baada ya kurekodi, kaseti irudishwe nyuma na kusomwa na kompyuta hadi mwisho, kuhakiki kwamba kila kitu kimeingia.

Kuhakiki kulichosha. Kaseti ililia mlio wa kukwaruza masikio, na nje wenzake walikuwa wanaruka kamba na kumwita. Siku moja Vidole hakuhakiki, na hakuna kilichoharibika. Baadaye akaona hata kubadilisha kaseti ni usumbufu. Ile nyekundu si imo tayari? Ya bluu ikalala kwenye droo. Baba alipouliza, aliambiwa yote yamefanyika, naye akaamini, maana hakuwa na macho ya kukagua.

Jioni waliyochapa mstari wa mwisho, baba alikuwa ametoka kutia dawa ya macho na alikuwa haoni vizuri. Akasema ataitazama mvua Jumamosi, pamoja na wenzake wa chama cha kompyuta za zamani.

"Umehakiki?" aliuliza, mkono ukiwa kwenye swichi.

"Nimehakiki, baba."

Baba akazima.

Jumamosi walikwenda, pamoja na mama, kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, ambako wapenzi wa kompyuta za zamani walikutana kutaniana ni nani amechakaa zaidi, wao au mashine zao. Zamu ya baba ilipofika, kaseti ilizunguka na kuzunguka. Skrini ikabaki tupu. Walijaribu tena. Mwenyekiti wa chama akaisikiliza kaseti kwa sikio lake, akasema haina kitu.

Vidole alikumbuka jioni ya mstari wa mwisho. Jioni ile waya wa kurekodi ulikuwa umelegea. Aliuona, akausukuma kidogo kwa kidole, akakimbilia nje kaseti ikiendelea kurekodi, akarudi baba alipotaka kuzima. Redio kaseti ilikuwa imerekodi ukimya juu ya kazi yote na kuifuta.

Baba aliwaomba radhi. Alisema bila shaka ni yeye aliyegonga waya, kwani siku hizi anagonga kila kitu. Mwenyekiti akamshika bega, akamwambia kwa upole kwamba labda wakati wa kupumzika umefika, na kwamba chama kingeitafutia mashine ile mtu wa kuitumia. Baba akakubali. Akaanza kukunja nyaya kwa kupapasa, na mama akageukia ukutani ili asionekane analia.

Vidole angeweza kunyamaza, na asingejulikana kamwe. Lakini alishindwa kuitazama ile mikono.

"Baba hakugusa waya," alisema. "Ni mimi. Sikuhakiki. Na ile ya bluu niliacha kuitumia zamani. Nilikuwa nakudanganya."

Baba aliacha kukunja. "Kwa hiyo si mimi niliyeharibu?"

"Si wewe, baba."

Hakumgombeza. Alimwambia mwenyekiti tu kwamba mashine haiondoki, kisha wakaibeba wakarudi nyumbani. Nyumbani Vidole alifungua droo.

Kaseti ya bluu ilikuwa na mapaa na mtoto tu. Mvua haikuwemo hata tone. Wakaanza upya. Vidole aliacha kuruka kamba, akarekodi kwa zamu, akahakiki kila jioni mpaka mlio wa mwisho. Upepo ukarudi, dimbwi likarudi. Ila bomba la baba nalo likaziba.

Siku programu ilipoonyeshwa maktaba, watu walibonyeza vitufe na kucheka mtoto alipokanyaga maji. Baba alielekeza uso kwenye skrini, lakini hakuona hata mwanga. Vidole alilia.

"Programu imerudi, macho hayakusubiri," baba alimwambia. "Nakwambia ili ujue. Jioni ile nilipokuuliza, kompyuta ilikuwa bado inawaka na mvua yote imo ndani. Ungesema 'bado' tu, tungerekodi tena, nami ningeiona. Anayekuuliza kama kazi imekamilika anategemea jibu lako, mwanangu. Mpe la kweli, hata kama linakuaibisha." Akamvuta karibu. "Haya, niambie kilichopo. Usiniongezee kitu."

Vidole alifuta machozi, akatazama vizuri.

"Inanyesha kwa kulala upande wa kushoto, baba. Mtoto amefika kwenye dimbwi." Akasita. "Na kuna tone limekwama hewani, juu ya paa la mwisho. Haliporomoki. Nadhani nilikosea mstari."

"Kesho tutalishusha," alisema baba.