Waya Ambao Chiriku Hakuupima

Kila Jumamosi Chiriku aliamka bila kuitwa, akafagia gereji na kupanga spana ukutani, ndogo juu, kubwa chini. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake alitengeneza pikipiki, na watu wote, hata wazee, walimwita Fundi.

Jumamosi hiyo nesi wa zahanati aliingia na pikipiki yake ya magurudumu manne, imejaa tope hadi kwenye usukani.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, mwanangu. Fundi, mnyama huyu amenigomea. Nikibonyeza swichi ya kuunganisha magurudumu ya mbele, kimya! Yanayosukuma ni ya nyuma tu. Juzi nilikwama mlimani, nikarudi na chanjo zangu. Leo nisipopanda, watoto wa kule watabaki hivyo hivyo, na surua imeshaingia kijiji cha jirani."

Fundi alikuna kichwa. Kwenye gia ya mbele kuna mota ndogo ya umeme, na hiyo ndiyo inayounganisha magurudumu hayo. Alianza na yaliyo rahisi. Fyuzi ilikuwa nzima, swichi nayo nzima. Akampa Chiriku taa ya kupimia.

"Ingia chini. Pima waya unaopeleka umeme kwenye mota, kisha pima waya wa athi, ule unaourudisha umeme kwenye betri. Taa ikiwaka, waya ni mzima. Mimi namalizia breki za mteja hapa."

Chiriku alilala chali juu ya gunia. Waya wa kwanza uliwasha taa papo hapo. Wa pili ulifunikwa na tope lililokauka, na kuufikia kulitaka kukwangua na kuchafuka. Aliutupia jicho. Sehemu iliyoonekana ilikuwa nene, nyeusi, haijakatika popote. Uvivu ukamshinda.

"Nyaya zote nimepima, Mama! Ziko sawa!"

"Basi mota imekufa," Fundi alisema. "Na spea yake sina. Kuiagiza ni wiki nzima."

Nesi alinyong'onyea. Alikaa kwenye benchi la mlangoni, kisanduku cha chanjo miguuni, akapiga simu.

"Mama, mrudishe mtoto nyumbani," Chiriku alimsikia akisema. "Najua umetembea mbali. Unisamehe, siji."

Chiriku alimgeukia mama yake. Fundi alikuwa ameshashika spana ili aing'oe mota.

"Mama, ngoja." Kwa mara ya kwanza maneno yalimpiga chenga. "Waya wa athi... sikuupima. Niliuangalia tu."

Fundi aliweka spana chini. Hakufoka, na Chiriku aliona heri angefoka.

"Lete taa," alisema.

Walikwangua tope pamoja. Fundi akagusisha ncha ya taa kwenye waya. Haikuwaka. Akaufuata kwa vidole hadi kwenye bolti iliyoubana, na pale wote wawili wakaona: kichwa cha waya kilikuwa kimeliwa na kutu ya kijani, kikamomonyoka alipokigusa. Alikata sehemu iliyooza, akafunga kichwa kipya, akasugua chuma mpaka kikang'aa, akakaza bolti. Swichi ilipobonyezwa, mota ililia kidogo, na Fundi alipowasha injini na kutia gia, magurudumu ya mbele yakazunguka pamoja na ya nyuma, yote yakiwa yameinuliwa kwa jeki.

"Sikiliza, mwanangu," Fundi alisema huku akifuta mikono. "Ukiniambia umepima, mimi sipimi tena. Nakuamini, na mwenye chombo anakuamini pia. Kidogo tu ningetupa mota nzima na kuwaacha wale watoto bila chanjo, kwa neno lako. Ungesema umeangalia tu, nisingekugombeza. Ningeingia chini nikapima mwenyewe."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Ila usirudie."

Fundi akabonyeza swichi tena, na Nesi akaja mbio aliposikia mota ikilia. "Imepona, Chiriku?"

Chiriku aliyatazama magurudumu yaliyoinuliwa.

"Sijui bado, Nesi. Inazunguka hewani tu. Hatujaijaribu kwenye tope."

Fundi alimtazama binti yake, akashusha jeki. Nesi akaiendesha hadi kwenye mtaro wa nyuma ya gereji, penye tope zito. Magurudumu ya nyuma yaliteleza, ya mbele yakakamata, na mnyama akapanda ukingo kama si yeye aliyegoma.

Nesi hakusubiri hata kushuka. Alitoa simu.

"Mama wewe, umeshafika nyumbani? Geuza. Nakuja."