Kahawa Iliyoanikwa na Maganda

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu, insha ishirini zilikuwa zimetengwa upande wa kushoto wa meza ya Mwalimu Rozi. Kumi na tisa kati yake zilianza kwa sentensi moja: "Kahawa ni zao adhimu lenye historia ndefu."

Mwalimu Rozi alifundisha Kiswahili kidato cha pili katika shule moja ya sekondari mjini Tunduma. Alikuwa amewapa wanafunzi kazi ya kuandika nyumbani: "Eleza kilimo cha kahawa." Alama zilitakiwa ofisi ya taaluma Ijumaa.

Alichukua kalamu nyekundu. Akaandika sifuri ya kwanza.

"Kalamu hiyo leo ina ugomvi na nani?" aliuliza Mwalimu Kefa, msimamizi wa maktaba, aliyekaa meza ya pili.

"Wamenakili. Soma hii ya Deus."

Kefa alisoma, akatabasamu. "Deus si kwao Mbozi? Mama yake si ana shamba la kahawa?"

"Analo."

"Basi mbona kahawa yake inaanikwa na maganda, kama ya Kagera? Mbozi humenywa ikiwa mbivu, huoshwa, ndipo huanikwa kwenye vichanja. Mama akiisoma hii atamnyima ugali."

Kefa alichapa sentensi moja ya insha ile kwenye simu, akaiweka ndani ya alama za kunukuu, akaitafuta. Ukurasa ulifunguka. Insha nzima ilikuwa pale, neno kwa neno.

"Huo ni ushahidi," alisema. "Na hii ya ishirini?"

"Ya Fides. Haifanani na ya mwenzake yeyote, ila ni nzuri mno. Mtoto yule darasani hata kidole hanyooshi."

"Umeikuta kwenye simu?"

"Hapana."

"Basi una shaka tu, mwalimu. Uzuri wa kazi si kosa. Mwite umuulize. Aliyeandika mwenyewe huongeza, aliyenakili hurudia yale yale."

Fides aliitwa. Alisimama mlangoni, mikono nyuma. "Shikamooni."

"Marahaba," alisema Mwalimu Rozi. "Umeandika kwamba kahawa ikishamenywa huachwa kwenye pipa. Mnajuaje kama imefikia kuoshwa?"

Fides alitazama sakafu. "Bibi anaingiza mkono. Ikiteleza, bado. Ikikwaruza kama changarawe, anasema tuoshe. Sikuliandika hilo. Niliona si la shuleni."

"Na mnajuaje kama imekauka?"

"Anaing'ata. Ikibonyea, inarudi kichanjani. Mimi naruhusiwa kumenya tu. Kung'ata, anasema meno yangu bado hayajasoma."

Mwalimu Kefa alijifanya anatafuta chaki, asionekane akicheka.

Mwalimu Rozi aliitoa insha ile kwenye rundo la kushoto. "Nilitaka kuipa sifuri," alimwambia. "Ningekosea. Nisamehe."

"Haya, mwalimu," alisema Fides, akaondoka haraka.

Kisha Deus aliitwa. Hakubisha. "Niliitoa kwenye simu ya shangazi. Wenzangu wakaniomba, nikawapa."

"Kwa nini hukumpigia mama yako?"

"Nilidhani mnataka ya kitabuni, mwalimu."

Deus alipotoka, Mwalimu Rozi aliifunga kalamu nyekundu. Akauliza, "Nifanyeje nao?"

"Kosa lao ni lao, waandike upya na wakatwe alama," alisema Kefa. "Ila swali lako liliomba jibu ambalo simu inalo. Uliza lisilokuwamo. Halafu ione kazi ingali mbichi, usingoje iive."

Jumanne Mwalimu Rozi alilifundisha darasa jambo ambalo hakuwahi kulifundisha. Kuchukua maneno ya mtu na kuweka jina lako juu yake ni udanganyifu. Kuyatumia kunaruhusiwa, lakini yawekwe ndani ya alama za kunukuu na mwenyewe atajwe. Ukiyaeleza kwa maneno yako, bado umtaje.

Akawapa wale kumi na tisa swali jipya: "Kazi moja ya nyumbani kwenu hufanywaje, na nani alikueleza?"

Jumatano waliandika aya ya kwanza darasani, bila simu. Alhamisi walileta rasimu zenye mistari iliyokatwakatwa, na kila mmoja aliulizwa swali moja kuhusu alichoandika. Mwisho wa insha yake Deus aliandika: "Aliyenieleza ni mama yangu, kwa simu. Alicheka kwanza."

Mwalimu Rozi alizisoma zote, akazilinganisha na aya za Jumatano. Mtindo wa kila mwanafunzi ulikuwa ule ule. Sentensi tatu zilimtia shaka. Alizitafuta kwenye simu, hakuzikuta.

Ijumaa saa tisa na nusu alasiri, orodha ilipokelewa ofisi ya taaluma. Deus alikuwa na kumi na moja kati ya ishirini. Fides alikuwa na kumi na nane. Sifuri haikuwamo.