Mapigo ya Bibi Edelmira

Kila asubuhi Zoraida alikula arepa yake, mkate bapa wa mahindi, akanywa maji moto ya sukari guru, kisha akaketi kitandani kwa bibi yake. Aliweka vidole viwili juu ya mshipa wa mkono wa bibi, akatazama saa ya ukutani na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima. Idadi aliiandika daftarini. Ndiyo kazi aliyopewa na muuguzi Rubiela, aliyepanda mlima hadi kijiji chao cha La Mesita mara moja kwa mwezi.

Bibi Edelmira alikuwa amechochea tanuri la kupikia sukari guru kwa miaka thelathini na minne. Hakuwahi kuvuta sigara, lakini moshi wa makapi ya miwa ulimwingia kifuani ukafanya makazi. Sasa hata kutoka jikoni hadi bombani alisimama mara tatu kutafuta pumzi.

Themanini na nane. Themanini na tisa. Themanini na nane.

“Bibi, moyo wako ni kama saa!”

“Basi huo mzima,” bibi alijibu. “Kilichochakaa ni mvukuto wa pumzi.”

Kwa kuwa namba haikubadilika, Zoraida aliona anajisumbua bure. Rafiki yake Nelcy naye alikuwa akipiga kelele mlangoni, “Twende, konokono wewe!” Wiki mbili zikapita Zoraida akiandika themanini na nane bila kuugusa mkono wa bibi.

Rubiela alipofika, alilifunua daftari, akalisoma. Aliitazama miguu ya bibi iliyovimba, akamshika mkono.

“Mia moja na kumi na nne,” alisema. “Na leo asubuhi umeandika themanini na nane. Zoraida?”

 Zoraida angeweza kusema amekosea kuhesabu. Lakini alimwona bibi akipumua kwa mabega, na uongo ukamshinda.

“Sikupima. Siku kumi na nne sikupima.”

“Nami nilijua,” bibi alisema kwa sauti ndogo. “Nilinyamaza kwa sababu niliogopa mtanipeleka hospitali.”

Alasiri hiyohiyo jirani aliwashusha hadi hospitali ya mjini kwa gari lake. Bibi aliwekewa oksijeni na kupewa dawa, na siku ya tatu uvimbe ukaanza kupungua. Rubiela alipokuja kumwona, alimkuta Zoraida kajikunyata kwenye kiti.

“Jishike mkono mwenyewe,” alimwambia. “Vuta pumzi polepole. Sasa itoe.”

Zoraida alivuta pumzi, na mapigo yakaongeza kasi. Aliitoa, yakapunguza mwendo. Akarudia mara ya pili na ya tatu, macho yamemtoka.

“Unanifuata! Moyo unafuata pumzi! Nani ameuambia?”

“Mishipa ya fahamu. Mmoja hutoka ubongoni, hupita shingoni hadi moyoni. Ubongo husikiliza mapafu, kisha huuambia moyo: kaza mwendo, sasa pole. Hata ukilala, mazungumzo hayo hayakomi.”

Zoraida aliweka mkono kifuani. Kwa miaka kumi na miwili ya maisha yake, yote hayo yalikuwa yakitendeka ndani yake, naye hana habari!

“Sasa mshike bibi.”

Bibi alivuta pumzi, akaitoa. Mapigo hayakubadilisha mwendo. Yaligonga vilevile, kama nyundo.

“Mapafu yakiugua miaka mingi,” Rubiela alisema, “mwili hukaa kama mtu aliyeshtuka. Mishipa inayoharakisha moyo haipumziki, na ule unaoutuliza sauti yake hufifia. Moyo mzima hauendi kama saa, Zoraida. Hubadilika kidogo kila wakati.”

“Moyo wake utarudi kuisikia pumzi?”

“Mapafu hayatakuwa mapya. Lakini dawa, mazoezi, na kukaa mbali na moshi husaidia. Tutaona.”

Waliporudi nyumbani, bibi hakukaribia tena moshi wa tanuri. Jioni alitembea na mjukuu wake, siku ya kwanza hadi kwenye ua, baadaye hadi kanisani, huku akilalamika kwamba amepewa askari wa kumwendesha. Kila asubuhi Zoraida alipima. Nelcy alijifunza kungoja.

Mwezi wa nne tangu watoke hospitali, asubuhi moja, bibi alipokuwa akitoa pumzi ndefu, Zoraida alihisi jambo. Pigo moja lilichelewa kidogo tu. Nywele zilimsimama. Aliandika: *Themanini na mbili. Nadhani moyo ulipunguza mwendo bibi alipotoa pumzi. Sina hakika.*

Rubiela alisoma maneno hayo, naye mwenyewe akampima bibi kwa muda mrefu, akatabasamu.

“Hata mimi nimelihisi,” alisema. “Lakini unajua kilichonifurahisha zaidi? Hili neno ‘sina hakika.’ Namba zako za uongo zilitunyima wiki mbili za kumtibu bibi. Anayemtunza mgonjwa huandika alichokiona, na asichokijua husema hajui. Hapo ndipo wengine tunaweza kumsaidia.”

“Na mgonjwa naye aseme anapozidiwa,” bibi aliongeza, akijifunga kitambaa kichwani. “Mimi mtu mzima nilinyamaza. Usinifuate kwa hilo, mjukuu wangu.”