Aliyeitika Mlangoni

Hesabu ilizidi kwa moja. Bi Takwimu alilowesha kidole, akayahesabu tena majalada yaliyokuwa mezani, safari hii kutoka chini kwenda juu, na bado yalikuwa mia mbili na kumi na manne. Orodha yake ilikuwa na mashauri mia mbili na kumi na matatu.

Hakushtuka. Miaka kumi na tisa katika masijala ya baraza la watu walioumia kazini ilikuwa imemmalizia mishtuko yote. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ndiye aliyechora, kila baada ya miezi mitatu, ile mistari ya ripoti: mashauri yaliyofunguliwa, yaliyoamuliwa, na yanayosubiri. Mstari wa kwanza ulipanda taratibu. Wa pili ulikuwa umelala. Wa tatu ulikuwa umepaa mpaka karatasi ikawa ndogo. Nyuma ya mistari hiyo kulikuwa na vidole vilivyobaki kwenye mashine, migongo iliyovunjika, macho yaliyomwagiwa dawa. Lakini alikuwa ameandika “mkono wa kulia” mara nyingi mno, hata mkono ukawa neno tu, kama meza.

Wiki hiyo mwenyekiti wa baraza alikuwa amemwita ofisini kwake.

“Bi Takwimu, huu mstari wa wanaosubiri utatutia aibu. Yale yaliyozidi miaka mitano yaite mlangoni. Asiyeitika, futa.”

“Hawajapelekewa wito, mheshimiwa.”

“Mwenye shida yake angekuwa anakuja kuulizia. Wewe ita tu.”

Naye akaita. Utaratibu wa baraza ni kwamba shauri huitwa kwa namba mara tatu mlangoni, na asipopatikana wa kuitika, hufutwa. Kwa asubuhi tatu alisimama mlangoni akiziitia namba benchi tupu, na kila baada ya mwito wa tatu akaandika: Hayupo. Siku ya mwisho, jua likiwa utosini, aliita shauri namba mia nne na kumi na saba. Mwisho wa ukumbi mtu akakohoa.

“Nipo.”

Alitazama. Hapakuwa na mtu. Akaita mara ya pili, na sauti ikaitika kutoka benchi la katikati. Alipoita mara ya tatu, ile “nipo” ilisemwa sikioni mwake kabisa, kwa pumzi kavu yenye harufu ya jiwe lililosagwa.

Bi Takwimu akaandika: Hayupo. Hakumwona mtu, zilikuwa zimebaki namba thelathini, na chakula chake kilikuwa kinapoa.

Sasa, mbele ya majalada, alilitafuta lile la ziada akalipata. Halikuwa na namba. Ndani mlikuwa na karatasi moja isiyoandikwa kitu, imefunikwa vumbi la kijivu, laini kama unga. Alilifuta kwa kiganja, akajipangusa kwenye sketi, akafunga ofisi, akaenda nyumbani.

Alikuwa akiishi na mdogo wake, fundi cherehani, mwanamke mcheshi aliyekuwa akiongea zaidi na nguo alizokuwa akishona kuliko alivyoongea na wateja. Jioni ile ile mdogo mtu alianza kukohoa. “Ni pamba ya hizi nguo, Dada,” alisema akicheka. Kesho yake hakucheka. Siku ya tatu alitemea kitambaa, na kilichotoka hakikuwa damu wala makohozi. Kilikuwa vumbi la kijivu.

Daktari alimpiga picha ya kifua, akaitazama kwa muda mrefu. “Huyu amewahi kufanya kazi ya kupasua mawe?”

“Hajawahi kushika hata nyundo,” alijibu Bi Takwimu.

Siku ya tano, saa nane za mchana, redio ya jirani ikiimba na watoto wakipiga kelele uani, Bi Takwimu alikuwa akimnywesha mdogo wake uji aliposikia cherehani chumba cha pili ikianza kushona yenyewe, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, kisha kwa kasi ambayo hakuna mguu wa binadamu ungeweza kuikanyaga, na harufu ya jiwe ikajaa chumbani mpaka ulimi wake ukawa mkavu, na mdogo wake akainuka akakaa wima bila kushika kitu, macho yake yamegeuka rangi ya sementi, akafungua mdomo, na humo ikatoka sauti ya mwanamume, sauti ya mtu aliyekaa sana kwenye foleni na ambaye hana hata hasira tena.

“Niliitwa nikaitika. Mbona sisikilizwi?”

Cherehani ikanyamaza. Bi Takwimu akaweka bakuli chini. Mkono wake haukutetemeka, na hilo ndilo lililomtisha.

Jirani akamleta mganga, mama mmoja mnene muuza vitambaa ambaye hakupenda kuitwa mganga. Alikaa kitandani, akamshika mgonjwa kifundo cha mkono, akauliza zaidi mambo ya ofisini kuliko mambo ya ugonjwa.

“Mwenye shauri lile lililoitikiwa yuko wapi?” alinong'ona.

“Alikufa akisubiri. Mapafu. Nililiona jalada lake jana.”

“Basi huyu si yeye. Maiti hawarudi. Huyu ni jini, hukaa palipo na watu wanaongoja, hula kule kungoja kwao. Angekaa kwenye mabenchi yenu miaka mia asikudhuru. Lakini wewe ulimwita mara tatu, akaitika kwa niaba yao wote, ukaandika kwamba hayupo. Maneno hayo hayaambiwi jini, mwanangu.”

“Nifanye nini?”

“Yarudishe uliyoyafuta.”

Kesho yake alikwenda kwa mwenyekiti. Akamwambia kwamba mashauri yale yarudishwe, watu wapelekewe wito. Kuhusu jini hakusema. Mwenyekiti akamgeuzia ripoti aone: mstari wa tatu ulikuwa umeshuka kama jiwe kisimani.

“Tumepongezwa,” alisema. “Unataka niwaambie tulikosea kuhesabu? Nenda ukapumzike, Bi Takwimu. Umechoka.”

Aliporudi nyumbani mdogo wake alikuwa na kucha za kijivu, na kila alipovuta pumzi kifua kililia kama changarawe chini ya kiatu. Muuza vitambaa alikuwa ameketi pale pale.

“Nimemsihi atoke,” alinong'ona. “Anakubali, ila anataka apewe pa kwenda. Lazima umtajie mtu. Wengi huwataja maadui zao.”

Jina la mwenyekiti lilimjia mpaka kwenye meno. Alimfikiria yule bwana na kiti chake cha kuzunguka, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kumtaja. Kisha akaukumbuka mkono wake mwenyewe ukiandika Hayupo, mara mia mbili na kumi na tatu, kwa mwandiko mzuri, bila kukosea hata herufi.

“Aje kwangu,” alisema.

“Dada, usi...” Mdogo wake hakumaliza.

“Mimi ndiye niliyeandika. Na mimi nina nafasi. Ndani humu hamna kitu siku nyingi.”

Hapakuwa na kelele. Alihisi tu ubaridi ukimshuka kooni na kutulia. Mdogo wake alivuta pumzi moja ndefu, safi, akalala. Alipoamka jioni aliomba chakula, akalalamika kwamba hakina chumvi.

Jumatatu Bi Takwimu aliwahi ofisini. Akafungua daftari kuu, akayaandika upya mashauri yote yaliyofutwa, moja moja. Saa nne mwenyekiti aliingia masijala akiwa na daftari hilo mkononi, shingo imemvimba.

“Nani amekuruhusu?”

Bi Takwimu alisimama. Alikusudia kusema samahani, mheshimiwa. Lakini mdomo ulipofunguka, hakuyaongoza yeye maneno.

“Tuko mlangoni,” ilisema sauti ya mwanamume, bila haraka. “Wote tumefika. Anza na yeyote.”

Daftari likamponyoka mwenyekiti. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, macho yake hayautoki ule mdomo. Bi Takwimu hakumwonea huruma, wala hakufurahi. Alisimama tu, mikono ubavuni, akisubiri kusikia mdomo wake utasema nini tena.